Omukama Daudi Kasagama wa Toro

Sisi wa darasa la mwisho tulitakiwa kuandika habari za maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani. Mimi nimemchagua Omukama Daudi Kasagama Kyebambe, aliyetawala Toro tangu mwaka 1891 hata alipokufa mwaka 1928. Wanafunzi wa zamani watakaosoma ukurasa huu, hasa wale waliotoka Bwera kama mimi, huenda wakashangaa. Kwetu milimani jina hilo halitajwi kwa furaha. Nilipomwambia babu yangu kwamba ninaandika habari za Kasagama, aliweka jembe lake chini akaniuliza kama watu wema wote wamekwisha. Lakini nilikuwa nimekwisha kusoma habari zake, nikaona siwezi kuacha, maana mambo mengi yaliyowagombanisha watu wa nchi hii yalianza katika siku za ujana wake, na mengine hayakuanza kwa kupenda kwake.

Toro zamani ilikuwa sehemu ya Bunyoro. Yapata mwaka 1830 mwana wa mfalme, jina lake Kaboyo, alijitenga na baba yake akajifanyia ufalme wake mwenyewe. Ufalme huo haukukaa raha. Kabalega alipokuwa Omukama wa Bunyoro aliazimu kuzirudisha nchi zote zilizokuwa za wazee wake, na askari wake walioitwa Abarusura wakaja Toro mara kwa mara, wakiwafukuza na kuwaua wana wa ukoo wa kifalme. Kasagama alikuwa mwana wa Omukama Nyaika. Mama yake, Kahinju, alikimbia naye kwenda Nkore, na mwisho Kasagama akafika Buddu katika Buganda. Basi mfalme huyu hakukulia katika jumba la baba yake. Alikulia katika nchi za watu, na kwa muda mrefu hakuwa na kitu ila jina la ukoo wake.

Hapa sharti nieleze habari ya chumvi, maana bila chumvi pengine hakuna Mwingereza ambaye angemkumbuka kijana yule. Kusini ya Kasese, karibu na Ziwa Edward, lipo ziwa dogo la Katwe lililo ndani ya shimo la mlima wa moto wa kale. Maji yake ni machungu, na jua likiwaka sana chumvi hugandamana. Watu huichimba na kuivuna katika vijaruba vilivyogawanywa kwa udongo na miti, wakisimama ndani ya maji yanayochoma ngozi. Kabla ya fedha kufika huku, chumvi ya Katwe ilikwenda mbali sana, mpaka nchi zilizo ng'ambo ya milima, ikabadilishwa kwa vyakula, majembe na mbuzi. Aliyeishika Katwe alikuwa tajiri. Kabalega aliishika. Stanley alipopita huko mwaka 1889 pamoja na Emin Pasha, aliwakuta Abarusura wakiilinda, nao wakakimbia mbele yake. Alipokwisha kupita wakarudi.

Mwezi wa Desemba 1890 Kapteni Frederick Lugard aliingia Kampala. Hakutumwa na Malkia, alitumwa na kampuni ya wafanya biashara, Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, na kampuni ile ilikuwa na madeni mengi na fedha kidogo. Mwaka uliofuata alifunga safari ya magharibi. Alikuwa na haja mbili. Alitaka kuwapata askari wa Kisudani walioachwa na Emin Pasha karibu na Ziwa Albert, kusudi awe na jeshi. Tena alitaka chumvi ya Katwe, kusudi apate mapato. Katika safari hiyo aliletewa Kasagama. Aliyemsaidia kijana kufika kwake alikuwa ndugu yake wa ukoo, Yafeti Byakweyamba, aliyekuwa akikaa Buganda na kufahamu mambo ya Wazungu. Lugard alifikiri kidogo tu akaona faida yake: badala ya Mzungu kuingia Toro kama mnyang'anyi, ataingia kama mtu anayemrudisha mwenye nchi.

Wakapita Nkore, wakafika Katwe. Lugard akajenga ngome juu ya ziwa, akaiita Fort George, akaweka walinzi. Kisha akaenda kaskazini kando ya milima, na katikati ya Agosti 1891 Kasagama akawekwa kuwa Omukama wa Toro. Akatia alama yake katika mkataba wa kujiweka chini ya ulinzi wa Kampuni, na bendera ya Kampuni ikawa juu yake. Hivyo siku ile ile aliyopata kiti cha baba yake alipata na mkubwa wa kumtawala.

Katika maktaba yetu nimesoma jambo linalofanana na hili, lililotokea Marekani. Waingereza walianza kijiji chao Jamestown, Virginia, mwaka 1607. Mwaka uliofuata Kapteni Newport aliagizwa amvike taji Powhatan, mfalme wa makabila mengi ya hapo, ili awe kama mtu wa Mfalme James. Powhatan alikataa kwenda Jamestown, akataka wao waje kwake. Walipokuja alikataa kupiga magoti, na ikabidi wamwegemee mabegani mpaka ainame kidogo, ndipo taji likapita kichwani. Mimi nilicheka niliposoma. Halafu nikafikiri kwamba Powhatan aliweza kukataa kuinama kwa sababu alikuwa mfalme kabla ya taji lile. Kasagama angekataa kwa nguvu gani? Nyuma yake alikuwapo Kabalega, mbele yake alikuwapo Lugard, naye hakuwa na askari wake mwenyewe.

Lugard aliwapata Wasudani, askari mamia pamoja na wake, watoto na watumwa wao, maelfu ya watu, akawagawanya katika ngome kadhaa mpakani mwa Toro na Bunyoro. Kazi yao ilikuwa kumzuia Kabalega. Lakini askari hawa hawakupewa chakula cha kutosha wala mshahara wa sawasawa, basi wakala nchi. Walinyang'anya ng'ombe, nafaka na wanawake, na watu wa Toro wakaanza kuuliza kama mlinzi na adui wana tofauti gani. Mwaka 1893 Sir Gerald Portal alikuja kutazama mambo ya Uganda kwa niaba ya Serikali ya Uingereza, akaamuru ngome zile zihamwe. Jambo lenyewe lilikuwa jema, maana Wasudani waliondolewa. Ila Kasagama aliachwa peke yake, na Kabalega hakuwa mtu wa kungoja.

Abarusura wakaja. Omukama akakimbilia milima ya Rwenzori.

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike. Vitabu huipita kwa mstari mmoja au miwili. Kwetu wazee huisimulia kwa muda mrefu, nami naieleza kama nilivyoisikia nyumbani. Mfalme alipanda na watu wachache, nao hawakuzoea baridi. Juu huko mvua haiishi, usiku mavazi hugandamana mwilini, na mtu wa tambarare asiyejua njia hufa bila kuguswa na mkuki. Wakonzo waliwapokea. Waliwapa magimbi na maharagwe, wakawasha moto ndani ya nyumba usiku kucha, wakaweka vijana kwenye vichochoro vya mlima kuangalia kama Abarusura wanapanda. Wakati ule Wakonzo walikuwa na wakubwa wao wenyewe, kila ukingo wa mlima na mkubwa wake, wala hawakumficha kwa kuwa ni mfalme wao. Walimficha kwa kuwa alikuwa mgeni mwenye njaa anayefukuzwa. Babu yangu aliyapata hayo kwa babu yake.

Mapema mwaka 1894, wakati Waingereza walipokuwa wakipigana na Kabalega, Meja Owen alimrudisha Kasagama, wakafanya mkataba mwingine. Taabu yake haikwisha. Kapteni Ashburnham, aliyekuwa mkubwa wa Serikali huko Toro, alimshitaki kuvunja amri, na mwaka 1895 Omukama alikwenda Kampala kujitetea mbele ya Kamishna Berkeley. Yeye aliyerudishwa na Waingereza mara mbili sasa alisimama mbele yao kama mshitakiwa. Kamishna alimsikiliza, akamruhusu kurudi katika ufalme wake. Alipokuwa huko Buganda alishika mafundisho ya dini, akabatizwa Namirembe mwezi wa Machi 1896 kwa jina la Daudi. Mama yake alibatizwa baadaye akaitwa Vikitoria. Siku hizo ndipo Apolo Kivebulaya alipofika Toro kuhubiri, naye akavuka mpaka Mboga, lakini habari zake zahitaji ukurasa mwingine.

Wengine husema alibatizwa kwa ajili ya siasa tu. Mimi siamini hivyo. Alijenga kanisa, alisoma, alitaka walimu wanawake waje kuwafundisha wanawake wa nchi yake, tena alishikilia kwa nguvu kwamba watu wake wasome Injili katika lugha yao, wala si katika Luganda, ingawa walimu wa kwanza walikuwa Waganda. Kadhalika aliandika habari za wafalme wa kale, na Bibi Ruth Fisher akazitumia katika kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka 1911. Mtu huyu alijua thamani ya lugha na ya historia. Kwa hiyo inanisumbua kwamba katika nchi yake watoto wa Kikonzo walikuja kufundishwa kusoma na kusali katika Lutoro, wala wakubwa wake hawakuona kosa.

Mkataba mkubwa ulitiwa sahihi mwezi wa Juni 1900, mbele ya Sir Harry Johnston. Kabalega alikuwa amekwisha kushikwa mwaka 1899 na kupelekwa Ushelisheli, hivyo adui wa zamani hakuwapo tena. Kwa hati ile Kasagama alitambuliwa kuwa mkubwa wa Toro, machifu wakagawiwa ardhi, kodi ya nyumba na ya bunduki ikawekwa, na ardhi isiyolimwa pamoja na misitu ikawa mali ya Serikali ya Uingereza. Saza la Busongora likawa ndani ya Toro, na ndani ya Busongora ndimo ilimo Katwe, ndimo ilimo Bwera, na ndimo yalimo makao ya Wakonzo wengi. Katika hati ile hapakuwa na nafasi ya Wakonzo kama watu wenye mambo yao wenyewe. Waliomficha mfalme wakaamka asubuhi moja wakiwa raia wake. Miaka kumi baadaye, mwaka 1910, Waingereza na Wabelgiji walipatana mpaka wao, na jamaa zetu wa ng'ambo ya mto Lhubiriha wakawa watu wa Kongo. Siku za soko pale Mpondwe utawaona wakija na Kiswahili chao, na hapo ndipo mimi nilipokisikia kwanza.

Machifu waliotumwa milimani walikuwa Watoro. Walikusanya kodi, waliita watu kazini kwa lazima, na mtu wa mlimani alidharauliwa barazani. Mwaka 1919 Nyamutswa alianza kuwaongoza watu wakatae. Pamoja naye walikuwa Tibamwenda na Kapolya. Kwa muda wa miaka miwili hivi walikuwa wakijificha katika milima ile ile iliyomficha Kasagama, lakini safari hii vichochoro vilijulikana, na wenye bunduki walikuwa upande wa mfalme. Mwaka 1921 walikamatwa, wakahukumiwa, wakanyongwa Kagando. Msafiri atokaye Kasese kwenda Bwera hufika karibu na mahali hapo, na wengi wanajua jina la Kagando kwa sababu ya hospitali tu.

Je, Kasagama alifanya nini siku zile? Hukumu ilikuwa ya Serikali ya Kiingereza, wala si yake peke yake. Lakini alikuwa Omukama, amezoea kwenda kwa wakubwa wa Serikali kutetea haki zake, na alijua njia ya kuongea nao. Kwa ajili ya kiti chake alikwenda mpaka Kampala. Kwa ajili ya watu wa mlimani sikuona popote kwamba alikwenda, na neno hilo siwezi kumsamehe upesi, ijapokuwa nimemwonea huruma katika kurasa nyingi.

Alifariki mwishoni mwa Desemba 1928. Mwanawe, George Rukidi, akatawala baada yake, na katika siku za mwana huyo, mwaka 1962, Isaya Mukirane na wenzake walitangaza Rwenzururu. Vita na mateso ya miaka iliyofuata wasomaji wetu wakubwa wanayajua kuliko mimi. Mwaka 2009 Serikali ya Uganda iliutambua ufalme wa Rwenzururu.

Kasagama amezikwa Karambi, kando ya barabara ya kutoka Fort Portal kwenda Kasese. Likizo iliyopita niliteremka pale nikaingia. Mzee wa mlangoni aliniuliza ninatoka wapi, nikamwambia Bwera. Akanyamaza kidogo, kisha akanionyesha mahali pa kuvua viatu. Nilisimama ndani muda mfupi, nikatoka, nikapanda gari.

Nyumbani nilimsomea babu kazi hii kwa Lukonzo, fungu kwa fungu. Hakusema kitu juu ya Lugard wala juu ya mkataba. Nilipomaliza aliniuliza kama nimeandika pia habari ya magimbi. Nikamwambia nimeandika. Akaniambia nirudie kusoma pale.