Kinaya katika Maisha ya Bert Williams (1874–1922)

Watahiniwa wengi hutaja kinaya bila kukifafanua. Kabla ya kurejelea kitabu chako teule, soma maisha ya msanii huyu. Katika kila hatua jiulize: nini kilitarajiwa, na nini kilitokea?

Bert Williams alizaliwa Nassau, visiwani Bahama, mwaka wa 1874, akakulia Marekani. Enzi hizo Wazungu walijipaka masizi ya kizibo kilichochomwa na kuwaigiza watu Weusi jukwaani kwa dhihaka. Williams alikuwa mtu Mweusi, lakini naye alijipaka masizi hayohayo, kwani ndivyo hadhira ilivyozoea. Hicho ni kinaya cha kwanza: Mweusi kuvaa sura bandia ya Mweusi.

Mwaka wa 1903, yeye na mwenzake George Walker waliupeleka mchezo wa nyimbo wa In Dahomey katika Broadway, New York, kisha London. Walker aliugua, akafariki mwaka wa 1911. Kufikia wakati huo Williams alikuwa ameshajiunga na Ziegfeld Follies, maonyesho makubwa ya Wazungu, akawa miongoni mwa nyota wake. Ndani ya ukumbi alishangiliwa; nje, milango ya hoteli nyingi ilifungwa kwa watu wa rangi yake.

Sasa tazama santuri na filamu. Alianza kurekodi mwaka wa 1901, na mwaka wa 1906 akarekodi Nobody, wimbo uliompa sifa kuu. Vipaza sauti havikutumika bado. Msanii aliimba mbele ya pembe kubwa ya kunasia sauti. Williams aliimba nusu na kusema nusu, akiyaburura maneno kama mtu aliyechoshwa na dunia. Msikilizaji hakuyaona masizi, alimsikia binadamu.

Filamu za wakati huo zilikuwa bubu. Katika A Natural Born Gambler (1916), anacheza karata gerezani peke yake, bila karata yoyote, kwa ishara za mikono na uso tu. Santuri ilificha uso wake. Filamu ilinyamazisha sauti yake. Filamu nyingine aliyoigiza mwaka wa 1913, pamoja na waigizaji wengi Weusi, haikukamilishwa. Picha zake zilihifadhiwa katika jumba la makumbusho la New York, zikaonyeshwa kwa umma mwaka wa 2014. Yeye alikuwa ameaga dunia tangu Machi 1922, siku chache baada ya kuzidiwa akiwa jukwaani Detroit.

Zingatia: Alama hutolewa kwa maelezo, si kwa kutaja mbinu tu. Onyesha pande zote mbili za kinaya.

Swali la mjadala: Je, Williams aliikubali dhihaka au aliigeuza kuwa silaha? Jibu lolote litakubaliwa, mradi ulitetee kwa mifano.