Hayati Jaji Earle Seaton, Wakili wa Wameru

Katika kuadhimisha miaka mia moja ya usharika, ni vyema kuwakumbuka pia watu ambao hawakusimama mimbarani wala kukaa katika baraza la wazee, lakini kazi yao iligusa maisha ya Walutheri wengi. Washarika wa Dar es Salaam, kuanzia Mikocheni hadi Temeke, wamo wasio wachache ambao wazazi na mababu zao walitoka katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru. Kwa familia za Meru hasa, jina la Hayati Jaji Earle Seaton ni sehemu ya historia ya nyumbani.

Earle Seaton alizaliwa mwaka 1924 katika kisiwa cha Bermuda, kilichokuwa chini ya utawala wa Uingereza, mahali ambapo watu weusi walibaguliwa shuleni, kazini na hata katika haki ya kupiga kura. Alipata elimu ya juu katika Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, Marekani, kisha akasomea sheria London. Alimwoa Alberta Jones, mzaliwa wa Houston na mhitimu wa Howard, mtaalamu wa elimu ya wanyama ambaye mwaka 1949 alitunukiwa shahada ya udaktari na Chuo Kikuu cha Brussels. Wakati ule mwanamke mweusi mwenye shahada kama hiyo alikuwa nadra sana popote duniani. Walijaliwa watoto wawili, na ndoa yao iliwaunganisha watu wawili ambao kila mmoja alikuwa na wito wake wa kazi. Mama Alberta alitumikia elimu, na kwa muda mrefu alikuwa mwalimu wa chuo kikuu katika mji wake wa Houston.

Seaton alifika Tanganyika akiwa bado kijana na kufungua ofisi ya uwakili mjini Moshi. Mawakili weusi walikuwa wachache mno katika Afrika Mashariki ya siku zile, na mwananchi wa kawaida aliyekuwa na shauri dhidi ya serikali hakuwa na mahali pengi pa kukimbilia. Ndivyo ilivyotokea kwamba Wameru walipopatwa na msiba mkubwa, walimwendea yeye.

Msiba huo ulihusu ardhi ya Ngare Nanyuki, upande wa kaskazini mashariki wa Mlima Meru. Sehemu ya ardhi ile ilikuwa imetwaliwa na walowezi tangu enzi za Wajerumani. Baadaye Wameru walinunua tena mashamba mawili, namba 31 na namba 328, kwa mali yao wenyewe. Hata hivyo, serikali ya kikoloni ilikubali pendekezo la tume iliyoongozwa na Jaji Mark Wilson, kwamba eneo hilo litengwe liwe mashamba ya mifugo ya Wazungu. Wameru waligoma kuhama. Mwezi Novemba 1951 polisi waliingia Ngare Nanyuki, wakawaondoa kwa nguvu watu wapatao 3,000, na nyumba zao zikachomwa moto. Waliohamishwa walikataa kukaa katika ardhi waliyopewa Kingori, wengi wakaenda kuishi kwa ndugu zao mlimani.

Seaton alitambua kwamba ulikuwapo mlango mmoja ambao gavana hakuwa na uwezo wa kuufunga. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida, bali nchi iliyokuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Mkataba wa udhamini uliitaka Uingereza kuheshimu haki na maslahi ya wenyeji katika mambo ya ardhi, na wananchi waliruhusiwa kupeleka malalamiko yao moja kwa moja. Wameru walichangishana fedha, na mwaka 1952 Seaton na Kirilo Japhet, kijana aliyechaguliwa na watu wake kuwa msemaji wao, walisafiri hadi New York.

Shauri lilisikilizwa kwanza na Baraza la Udhamini, kisha na Kamati ya Nne ya Baraza Kuu. Kamati hiyo iliunga mkono madai ya Wameru. Lakini lilipofika mbele ya Baraza Kuu lenyewe, azimio lilikosa theluthi mbili ya kura zilizotakiwa. Kwa hesabu ya kura, Wameru walishindwa, na Kirilo alirejea nyumbani bila ardhi. Hata hivyo, Waingereza walikuwa wamelazimika kujieleza mbele ya mataifa kwa ajili ya wakulima wa kijiji kimoja. Kirilo alizunguka sehemu nyingi za nchi akisimulia habari ile, na watu wakaamini kwamba utawala wa kigeni unaweza kuhojiwa. Miaka miwili baadaye TANU ilizaliwa. Mpango wa mashamba ya Wazungu nao haukustawi, na hatimaye ardhi ya Ngare Nanyuki ilirudi mikononi mwa Wameru.

Baada ya uhuru Seaton hakuondoka. Alikuwa Jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania, na hukumu zake zilichapishwa katika vitabu vya sheria vya nchi. Aliiwakilisha Tanzania katika Umoja wa Mataifa, na mwaka 1971 aliongoza kamati ndogo iliyojadili utawala wa sakafu ya bahari kuu, ili utajiri wake uwe urithi wa binadamu wote na si wa mataifa yenye nguvu tu. Mwaka 1967 yeye na Kirilo Japhet walitoa kitabu kuhusu kesi ya ardhi ya Meru, na mwaka 1973 kilitoka kitabu alichoandika na Sosthenes Maliti kuhusu mikataba ya kimataifa ya Tanzania.

Mwaka 1972 alirudi Bermuda kuwa jaji. Baadaye alikuwa Jaji Mkuu wa Shelisheli, na mwaka 1982 alisikiliza kesi ya mamluki waliokamatwa baada ya jaribio la kuipindua serikali ya visiwa hivyo mwezi Novemba 1981. Wanne walihukumiwa kifo, lakini hukumu hizo hazikutekelezwa, na mwaka 1983 waliachiwa. Mwishoni mwa maisha yake alikuwa Jaji wa Mahakama ya Juu ya Uganda. Alifariki dunia mwaka 1992.

Jaji Seaton alishika nyadhifa nyingi katika nchi nyingi, lakini Wameru wanamkumbuka kwa ile iliyotangulia zote. Alikuwa wakili kijana wa mji mdogo, mgeni asiye na ndugu mlimani, na aliwapokea watu waliochomewa nyumba wakati ambapo kuwatetea hakukuwa na faida wala heshima mbele ya wakubwa. Wajukuu wa watu wale leo wanalima Ngare Nanyuki, na wengine wamekuja kuishi na kuabudu katika jiji hili. Ni haki yao kulijua jina lake.