David Bruce na bibi yake Mary: namna walivyogundua mbung'o anaua ngombe

Watu wa Tshangalele wanajulikana kwa samaki, si kwa ngombe. Ziwa lenyewe halina miaka mia moja, lilitokea wakati mto Lufira ulifungwa kwa baraji ya Mwadingusha, mwaka 1930. Lakini mbung'o, ule nzi tsetse, alikuwa katika mapori ya Katanga zamani sana kabla ya baraji. Njo sababu makampuni ya ufugaji wakati wa ukoloni yalipenda kupeleka ngombe juu, kwenye plato kama Biano, fasi ya baridi na majani mafupi, ambako nzi huyo hapendi kukaa.

Ugonjwa anaouleta mbung'o kwa ngombe unaitwa nagana. Ni jina la Kizulu. Limeenea dunia nzima juu ya kazi ya munganga mmoja wa jeshi la Uingereza, David Bruce, na bibi yake Mary.

Bruce alizaliwa tarehe 29 Mei 1855 huko Melbourne, Australia, kwa wazazi kutoka Scotland. Alikuwa na miaka mitano wakati wazazi walirudi kwao. Masomo aliyaacha akiwa na miaka 14, akaingia kazi ya depo ya biashara ku Manchester. Alikuwa kijana wa nguvu, na alitaka michezo iwe kazi yake. Kwenye miaka 17 ugonjwa wa mapafu ulimwangusha, na ndoto hiyo ikaisha. Akarudi kwenye masomo, akamaliza uganga ku Edinburgh mwaka 1881.

Mwaka 1883 alimuoa Mary Elizabeth Steele, na mwaka ule ule akaingia jeshi. Walitumwa Malta, kisiwa ambako homa ilikuwa inalaza askari kwa miezi. Mwaka 1887 Bruce alitangaza kijidudu cha homa ile. Leo ugonjwa huo unaitwa brusela, kwa jina lake. Mary alijifunza kazi ya mikroskopu pamoja naye, akawa anatayarisha damu kwenye vioo na kuchora vile walivyoona.

Mwaka 1894 gavana wa Natal, Afrika ya Kusini, aliomba Bruce aende Zululand, juu ya ngombe waliokuwa wanakufa. Bibi na bwana wakapanda gari la kukokotwa na ngombe mpaka mlima Ubombo. Nyumba yao ilikuwa ya miti na udongo, na baraza yake njo ikawa labo.

Pale walikuta maelezo mawili. Wafugaji Wazulu walisema fasi nyama wa pori wakubwa wanapita, ngombe wanakufa. Nyama wale wanaharibu majani na maji. Wawindaji wazungu walisema ni nzi mwenye sumu. Kila upande ulikuwa unacheka mwingine.

Bruce na Mary waliangalia damu ya ngombe wagonjwa, wakaona kijidudu kidogo chenye mkia, kinachezacheza katikati ya chembe za damu. Wakachukua farasi wazima, wakawateremsha kwenye bonde la mbung'o kwa saa chache, bila kuwaacha wale majani wala wanywe maji ya kule. Wakawarudisha mlimani. Farasi wakagonjwa. Basi haikuwa majani, haikuwa maji. Kisha wakaleta mbung'o kutoka bondeni mpaka mlimani, wakawaacha waume wanyama wazima. Hao pia wakagonjwa.

Tena wakatia damu ya nyama wa pori ndani ya imbwa. Imbwa wakapata nagana, hata kama nyama wale walionekana wazima. Maana yake nyama wa pori anabeba kijidudu bila kuumwa, na mbung'o anakitoa kwake na kukipeleka kwa ngombe. Wazulu walikuwa na nusu ya ukweli, wawindaji walikuwa na nusu ingine. Ripoti ya kwanza ilitoka mwaka 1895.

Kitu kimoja Bruce hakukiona vizuri. Alifikiri mbung'o ni kama sindano chafu tu, inayohamisha damu. Mwaka 1909 munganga Mjerumani Friedrich Kleine, akiwa Afrika ya Mashariki, alionyesha kwamba kijidudu kinakomaa kwanza ndani ya nzi kwa siku nyingi, kisha njo kinaweza kuambukiza.

Vita ya Waingereza na Makaburu ilipoanza mwaka 1899, wawili hao walifungiwa ndani ya mji wa Ladysmith uliozungukwa na maadui. Bruce alipasua majeruhi, Mary alimsaidia kama muuguzi, na kwa kazi hiyo alipewa nishani.

Mwaka 1903 wakaenda Uganda. Ugonjwa wa usingizi ulikuwa unamaliza watu kando ya ziwa Victoria. Kwa miaka kama 20 watu zaidi ya 200,000 walikufa. Mwitaliano Aldo Castellani alikuwa ameona tayari kijidudu katika maji ya uti wa mgongo. Bruce aliomba msaada wa Apolo Kagwa, waziri mkuu wa Buganda. Machifu na wamisionari wakatuma nzi kutoka kila upande. Walipoweka alama kwenye karata ya inchi, fasi ya mbung'o na fasi ya wagonjwa zilifuatana.

Elimu hiyo ilileta pia mateso. Ku Uganda watu walihamishwa kwa nguvu kutoka pwani na visiwa vya Sese. Karibu na kwetu, upande wa Kiingereza wa Luapula, vijiji viliondolewa kando ya mto. Ku Zululand, miaka ya nyuma, nyama wa pori kwa maelfu walipigwa risasi ili mbung'o akose chakula. Na Bruce mwenyewe alikuwa kati ya waliounga mkono kuua nyama wa pori kwenye fasi za mbung'o. Ku Katanga, munganga Mbelgiji Jérôme Rodhain aliongoza misioni ya utafiti juu ya magonjwa hayo kati ya 1910 na 1912.

Mary alikufa Novemba 1931. Siku nne kisha, tarehe 27, wakati watu wako kwenye maziko yake, Bruce naye akakata roho. Kabla ya kufa aliomba kwamba wakiandika juu ya kazi yake, wasimsahau Mary. Kijidudu cha nagana, tangu 1899, kinaitwa Trypanosoma brucei, kwa jina la bwana peke yake. Wafugaji wa Zululand hawatajwi mahali popote katika jina hilo.

Kwa mwenye ngombe wa leo, alama ni zile zile za Ubombo: homa inayokuja na kwenda, kukonda hata majani yakiwa mengi, macho kutoa machozi, damu kupungua, mimba kuharibika. Minzoo na magonjwa mengine yanaweza kufanana na hayo, kwa hiyo damu iangaliwe kwenye mikroskopu na munganga wa wanyama kabla ya kupiga sindano. Kupima dawa nusu nusu juu ya kuokoa feza kunafundisha kijidudu kuzoea dawa, na kesho itakosa kazi kwa ngombe wako na wa jirani.