Röntgen, Profesa Aliyekataa Kuuza Ugunduzi Wake

Kila tunapopigwa picha ya eksirei tunanufaika na kazi ya Wilhelm Conrad Röntgen, profesa wa fizikia aliyezaliwa Lennep, Ujerumani, mwaka 1845.

Akiwa kijana alifukuzwa shule huko Utrecht, Uholanzi, kwa kukataa kumtaja mwenzake aliyemchora mwalimu kwa kejeli. Akakosa cheti, lakini chuo cha ufundi cha Zürich, Uswisi, kilimpokea, na mwaka 1869 akapata shahada ya udaktari.

Novemba 8, 1895, katika maabara yake Würzburg, alipitisha umeme kwenye mrija wa kioo uliofunikwa kwa karatasi nzito nyeusi. Kibao kilichopakwa kemikali, kilichokuwa kando, kikang'aa. Akatambua kwamba kuna miale isiyoonekana inayopenya karatasi. Kwa kuwa hakuijua asili yake, akaiita X. Desemba 22 aliupiga picha mkono wa mkewe, Anna Bertha: mifupa na pete vikaonekana. Tangu hapo madaktari waliweza kuona mfupa uliovunjika bila kumpasua mgonjwa.

Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya kwanza ya fizikia. Fedha akakipa Chuo Kikuu cha Würzburg. Alikataa pia kuusajili ugunduzi uwe mali yake, ili hospitali yoyote iutumie bila kumlipa. Alifariki München mwaka 1923, mfumuko wa bei ukiwa umekula akiba yake.

Nasi tunaosoma tujiulize: elimu tunayopokea tunamwekea nani?