Mwalimu Aliyelinda Dhahabu ya Malkia

Mtoto akipelekwa na wazazi wake katika nyumba ya makumbusho penye vitu vya Misri ya kale, siku hizi hafanywi kutazama tu. Hufundishwa kuandika jina lake kwa herufi za picha, hufinyanga hirizi za udongo kwa mfano wa zile za Wamisri, na huelezwa jinsi maiti walivyokaushwa na kuzungushiwa sanda. Hurudi nyumbani amefurahi, na baba na mama wamejifunza pamoja naye. Nami niliposikia habari za mafunzo hayo nilijiuliza, je, vitu vile viliwekwa pale kwa ajili ya nani? Swali hilo ndilo lililonipeleka kwenye maisha ya Auguste Mariette. Napenda kuwasimulia ninyi wanafunzi, pamoja na ndugu zetu mliokwisha kutoka shuleni, kwa kuwa bwana huyu alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mtu mkubwa.

Alizaliwa tarehe 11 Februari 1821 huko Boulogne-sur-Mer, mji wa pwani ya Ufaransa. Alipokuwa kijana wa miaka 18 alivuka bahari akafundisha Kifaransa na kuchora katika Uingereza, kisha akarudi kwao akawa mwalimu katika chuo cha mji. Katika makumbusho ya mji ule palikuwa na jeneza la Mmisri wa kale, nalo lilimvuta sana. Hata mwaka 1842 akafa jamaa yake, Nestor L'Hôte, mchoraji aliyekuwa amekwenda Misri, na karatasi zake zikafika nyumbani kwa akina Mariette. Kijana akaanza kuzipanga, na tangu hapo hakuweza kuziacha. Akajifundisha mwenyewe kusoma herufi za picha, na mwaka 1849 akapata kazi ndogo yenye mshahara mdogo katika makumbusho ya Louvre, mjini Paris.

Mwaka 1850 akatumwa Misri kununua vitabu vya kale vya Wakopti, yaani Wakristo wa nchi ile. Vitabu hakuvipata. Lakini alipokuwa akizunguka Saqqara aliona kichwa cha sanamu, simba mwenye uso wa mtu, kimetokeza mchangani. Akakumbuka kwamba Strabo, mwandishi wa zamani, aliandika habari za sanamu kama zile zilizopangwa njiani kuelekea hekalu la Serapis. Basi fedha za vitabu akazitumia kuajiri watu wa kuchimba. Mwaka 1851 akaingia chini ya ardhi, akakuta makaburi ya ng'ombe dume watakatifu walioitwa Apis, na majeneza ya mawe makubwa ajabu, mengine yakipita uzito wa tani 60.

Hapa sitaficha lililo baya. Maelfu ya vitu alivyovikuta huko vilikwenda Louvre, na vingine alivitoa kwa siri, akiwakwepa walinzi waliowekwa na serikali ya Misri. Ndivyo walivyofanya wageni wengi wakati ule, naye alikuwa mmoja wao.

Lakini mambo yaligeuka mwaka 1858, mtawala wa Misri, Said Pasha, alipomweka kuwa mkuu wa vitu vya kale nchini. Aliyekuwa akitoa sasa akawa mwenye kuzuia. Akawakataza wengine kuchimba ovyo na kuuza, akaanza kukusanya vitu ili vikae Misri. Kazi ilikuwa kubwa mno, nayo ilifanywa na wanavijiji wengi walioshurutishwa na serikali, ambao majina yao hayakuandikwa.

Mwaka 1859 wachimbaji wake walikuta karibu na Luxor jeneza la Malkia Ahhotep. Mkuu wa wilaya akalichukua, akalifungua, akavipakia vito vya dhahabu katika chombo ili avipeleke mwenyewe kwa mtawala. Mariette aliposikia alipanda meli ya moshi, akakifuata chombo kile mtoni, akakikamata, akavinyang'anya kwa vitisho. Said Pasha alipopata habari alicheka, akakubali pajengwe nyumba ya kuwekea mali hizo.

Nyumba ile ilifunguliwa mwaka 1863, katika utawala wa Ismail, mahali panapoitwa Bulaq, Kairo, ukingoni mwa Naili, mto huu huu unaotoka katika ziwa letu pale Jinja. Katika kitabu cha kuwaongoza wageni Mariette alieleza kwamba makumbusho yale hayakuwa kwa wasafiri wa Ulaya tu. Yaliwekwa hasa ili wenyeji wajifunze historia ya nchi yao. Kwa sababu hiyo alivipanga vitu kwa namna ya kupendeza macho, hata kama wataalamu wa Ulaya wangemlaumu, maana alitaka mtu asiyejua kitu avutwe aingie.

Mwaka 1867 vito vya Ahhotep vilipelekwa Paris kwenye maonyesho makubwa. Eugénie, mke wa mfalme wa Ufaransa, akavitamani, akaomba apewe. Ismail hakutaka kumkatalia, akasema aulizwe Mariette. Mariette, Mfaransa, akamkatalia malkia wa nchi yake mwenyewe, na dhahabu ikarudi Misri.

Nilipofika hapa nilitaka kumsifu moja kwa moja, lakini kuna jambo lililonizuia. Mwaka 1869 Mjerumani mmoja, Heinrich Brugsch, alifungua shule Kairo kuwafundisha vijana wa Kimisri elimu ya mambo ya kale yao. Mariette aliogopa kwamba siku moja watashika nafasi yake, akakataza wasinakili maandishi ndani ya makumbusho. Mtu aliyesema nyumba ni ya wenyeji aliwafungia wenyeji kalamu. Shule ikafa baada ya miaka michache, na wengi wa vijana wale hawakupewa kazi waliyosomea. Mmoja wao, Ahmed Kamal, hakukata tamaa. Baadaye alipata kazi katika makumbusho yale yale, akaandika kamusi kubwa ya lugha ya kale ya Misri, na kuwatafutia vijana wengine nafasi ya kusoma, mpaka alipokufa mwaka 1923.

Mariette mwenyewe aliteseka. Kipindupindu kilimwua mkewe mwaka 1865, na mwaka 1878 Naili ilifurika ikaingia Bulaq, ikaharibu maandishi yake mengi. Alikufa Kairo mwezi wa Januari 1881. Mwili wake umewekwa katika jeneza la mawe, nalo leo liko katika bustani ya makumbusho ya uwanja wa Tahrir.

Mwezi wa Novemba 2025 Misri ilifungua rasmi makumbusho mapya makubwa karibu na piramidi za Giza, nayo yana sehemu ya watoto. Wamisri ndio wanaoyaongoza. Mariette alilinda mlango, na akina Kamal wakaupitia kwa shida. Basi nanyi mkipelekwa katika makumbusho yetu ya Kampala, msitazame tu na kupita. Chukueni daftari na kalamu, mwandike, kwa maana hakuna wa kuwakataza.