Joe Louis: Bingwa aliyesubiri marudiano kwa miaka miwili

Shabiki wa soka anaijua presha ya mechi ya marudiano. Ya kwanza umefungwa, unajipa moyo kwamba safari hii mambo ni tofauti, lakini tumbo halitulii. Sasa badala ya wachezaji 22 weka wanaume wawili tu, halafu muongeze Hitler kwenye stori. Hapo ndipo walipokuwa mashabiki wa ngumi Marekani mwezi Juni 1938, wakisubiri Joe Louis arudiane na Mjerumani Max Schmeling.

Louis alikuwa tayari bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Lakini mkanda anao yeye, na Schmeling ndiye pekee aliyewahi kumtwanga katika ngumi za kulipwa. Ubingwa wa namna hiyo unakuwa na doa, na Louis mwenyewe alishasema hatajiona bingwa kamili mpaka amalizane na yule jamaa.

Tuanzie mbali kidogo. Jina lake kamili ni Joseph Louis Barrow, alizaliwa Mei 13, 1914 karibu na mji wa LaFayette, jimbo la Alabama. Familia ya wakulima, ya watu weusi, maskini hasa. Mwaka 1926 wakahamia Detroit, kwenye viwanda vya magari. Mama yake alitaka kijana ajifunze fidla, akawa anampa hela ya masomo. Hela ile ikaishia kwenye jimu ya ngumi. Pambano lake la kwanza la ridhaa, mwaka 1932, alilambishwa sakafu mara kadhaa na Johnny Miler. Wengi wangeirudia fidla. Yeye alirudi jimu, na mwaka 1934 akaingia kwenye ngumi za kulipwa.

Mameneja wake, John Roxborough na Julian Black, walikuwa weusi, na kocha wake Jack Blackburn pia. Hilo kwa wakati ule lilikuwa jambo kubwa. Walijua Wazungu wa Marekani bado wana hasira na Jack Johnson, bingwa wa kwanza mweusi wa uzito wa juu, aliyekuwa akiwacheka wapinzani wake na kuishi anavyotaka. Hivyo Louis alipewa masharti: usipigwe picha na mwanamke mzungu, usimcheke mtu uliyemwangusha, piga kazi ukae kimya. Ukiniuliza, ni masharti ya kuonea. Mtu unashinda halafu huruhusiwi hata kushangilia! Lakini ndiyo njia iliyomfungulia mlango.

Juni 1935 akamtwanga Primo Carnera, jitu la Italia, pale Yankee Stadium jijini New York. Wakati huo Mussolini alikuwa anajiandaa kuivamia Ethiopia, kwa hiyo watu weusi hawakuliona lile kuwa pambano la kawaida. Septemba akammaliza Max Baer raundi ya nne. Alikuwa na miaka 21 na dunia nzima ilishamwona bingwa mtarajiwa.

Ndipo akaja Schmeling. Bingwa wa zamani, umri miaka 30, watu walimwona amekwisha. Lakini jamaa alikuwa na akili. Desemba 1935 alikaa jirani na ulingo akimwangalia Louis akimsambaratisha Paulino Uzcudun, akagundua kitu ambacho wengine hawakukiona: Louis akishapiga jabu ya kushoto, mkono unarudi ukiwa chini, shavu linabaki wazi. Schmeling akaondoka na siri yake. Ngumi yake kali ilikuwa ya kulia, yaani ni kama alikabidhiwa ufunguo.

Louis huku nyuma alikuwa ameonja gofu, na mazoezi aliyafanya nusunusu. Juni 19, 1936 akaangushwa raundi ya nne, akala ngumi za kulia usiku mzima, na raundi ya 12 akamalizwa kwa KO. Harlem watu walilia mitaani. Huko Ujerumani Wanazi walimpokea Schmeling kama ushahidi wa upuuzi wao wa ubora wa damu.

Sasa ona biashara ilivyo. Kwa haki, Schmeling ndiye aliyetakiwa kwenda kugombea mkanda wa James Braddock. Lakini promota Mike Jacobs alikuwa na hesabu zake, na kambi ya Braddock ikaahidiwa sehemu ya mapato ya baadaye endapo Louis atashinda. Juni 22, 1937 mjini Chicago, Louis aliangushwa raundi ya kwanza, akanyanyuka, akampiga Braddock KO raundi ya nane. Kwenye hili Schmeling alidhulumiwa, tuseme tu ukweli.

Basi tukafika 1938. Machi, Hitler aliimeza Austria. Schmeling alipotua New York alikuta waandamanaji. Mwenyewe hakuwa mwanachama wa chama cha Nazi, na meneja wake, Joe Jacobs, alikuwa Myahudi, lakini nani alikuwa na muda wa kusikiliza? Wazungu wa Marekani ambao juzi tu hawakutaka bingwa mweusi, sasa walimwita Louis kijana wao.

Mashabiki wake walikuwa na mashaka ya kweli. Swali la kwanza lilikuwa ule mkono wa kushoto: ameurekebisha, au bado unashuka? La pili, Tommy Farr wa Wales alikuwa amemaliza naye raundi zote 15 mwaka uliotangulia, na mtu mwenye KO zake kushindwa kumwangusha Farr kulizua maneno. La tatu, ambalo halitibiwi na kocha, ni kichwani. Bondia aliyewahi kulazwa na mtu fulani, akimwona tena yule mtu mbele yake, anafikiria nini? Wacheza kamari walimpa nafasi kubwa Louis, lakini si kwa kujiamini kama mara ya kwanza. Wapo waliosema Schmeling atarudia kilekile. Wengine walimhesabia miaka, karibu 33, wakasema miguu itamsaliti pambano likienda mbali. Karibu wote walitarajia pambano refu.

Louis hakutarajia hivyo. Kambini Pompton Lakes, New Jersey, safari hii hakukuwa na mzaha, na Blackburn alibadili mpango mzima. Kama kujificha nyuma ya jabu ndiko kulikomponza, basi asijifiche. Kengele ikilia, aende mbele, apige mikono yote miwili, Schmeling asipate nafasi ya kuitafuta ile kulia. Mwandishi mmoja aliyetabiri raundi ya sita, Louis alimwonyesha kidole kimoja tu.

Juni 22, 1938, Yankee Stadium, watu 70,000 na mamilioni wengine redioni. Louis alijipasha chumbani muda mrefu kuliko kawaida yake, akaingia ulingoni jasho linamtiririka. Kengele. Jabu, hook, kulia, Schmeling yuko kwenye kamba. Akajipinda kukwepa, konde zito likampata ubavuni nyuma, akapiga ukelele uliosikika viti vya karibu. Lilimvunja mfupa kwenye uti wa mgongo. Akaangushwa mara tatu. Kona yake ikarusha taulo, mwamuzi Arthur Donovan akalirusha pembeni kwa kuwa New York taulo halikutambulika, kisha akasimamisha pambano mwenyewe. Dakika 2 na sekunde 4. Aliyechelewa kukaa kwenye kiti chake hakuona kitu. Harlem ikalala macho, safari hii kwa ngoma.

Baada ya hapo Louis alitawala. Kuanzia 1937 hadi 1949 aliutetea mkanda mara 25, rekodi ambayo uzito wa juu haijawahi kuvunjwa. Marudiano yakawa kama mali yake: Billy Conn alimsumbua mwaka 1941, akarudi 1946 akapigwa KO. Jersey Joe Walcott alimwangusha mara mbili mwaka 1947, mwaka uliofuata akazimwa raundi ya 11.

Hela ndiyo ilimshinda. Wakati wa vita alijiunga na jeshi, jeshi lenye ubaguzi, akatoa malipo ya mapambano mawili kwa mifuko ya misaada ya wanajeshi. Mamlaka ya kodi ikamdai hata kwa pesa hizo. Deni likaumuka mpaka likapita dola milioni 1. Ndilo lililomrudisha ulingoni akiwa mzee, akapigwa na Ezzard Charles mwaka 1950, na Oktoba 1951 Rocky Marciano akamtupa nje ya kamba. Akacheza hata mieleka ya maonyesho. Miaka ya mwisho alikuwa Las Vegas, kwenye hoteli ya Caesars Palace, kazi yake kuwasalimia wageni.

Alifariki Aprili 12, 1981, siku moja baada ya kuhudhuria pambano la Larry Holmes na Trevor Berbick. Rais Ronald Reagan aliruhusu azikwe Arlington, makaburi ya wanajeshi. Sehemu ya gharama za mazishi ililipwa na Mjerumani mmoja aliyetajirika kwa biashara ya Coca-Cola, ambaye walikuwa marafiki kwa miaka mingi. Jina lake Max Schmeling.