Mwalimu Mathu na Kura ya 1957

Ndugu zangu, vijana wa Gulwe wakiniuliza mzoefu hushindwaje na mgeni, huwasimulia habari za marehemu Eliud Mathu wa Kenya.

Alizaliwa mwaka 1910, akasoma Alliance na Oxford, akawa mwalimu. Mwaka 1944 Gavana alimteua kuwa Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria.

Machi 1957 Waafrika walichagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza. Mathu alishindwa na Bernard Mate wa Meru, asiyepata kuwa mjumbe. Enzi hizo za Hali ya Hatari, Mkikuyu hakupiga kura bila cheti cha utii. Wengi walikikosa; kura za Wameru zikazidi.

Baada ya uhuru, Mathu alikuwa msimamizi wa Ikulu ya Kenyatta.

Vijana, kabla ya kuhesabu kura, tazameni walioandikishwa.